Kabati la Chuma la Koridoni

Picha ya mwisho niliyo nayo ya mama yangu akiwa hai inamwonyesha mdomo wazi nusu. Hakuwa akipiga miayo wala hakuwa akilia. Alikuwa ananiambia neno, intaneti ikaganda, na uso wake ukabaki hivyo kwenye simu yangu, mkono mmoja karibu na sikio, upindo wa kanga umeteleza begani. Nilihifadhi picha ile kwa sababu nilidhani mtandao ukirudi tutacheka pamoja. Haukurudi. Nilipompata dada yangu kwa simu ya kawaida, mama alikuwa amelala, na tangu hapo hakupata tena nguvu ya kuzungumza mpaka alipozikwa. Nilimuuliza dada, mama alitaka kuniambia nini? Akasema hajui, alimwachia simu akaenda kuinjika maji.

Kifo ni cha Mungu, sibishani nacho. Lakini neno lile halikuchukuliwa na Mungu. Lilichukuliwa na mtu mmoja anayekaa chumba cha mbele kwenye nyumba niliyopanga Karama, Dubai, na kwa muda mrefu nilikuwa sijui amelificha wapi.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili ambavyo mbao zilivigeuza kuwa vingi. Mkataba wa pango ulikuwa kwa jina la mtu wa Mombasa, mfanyabiashara wa mafuta ya udi, mwenye tumbo la heshima na kanzu zisizo na mkunjo. Sisi wengine tulikuwa wapangaji wake. Tulimwita Mkubwa, mwanzo kwa adabu, baadaye kwa mazoea. Laini ya intaneti nayo ilikuwa kwa jina lake na kwa kitambulisho chake, kwa hiyo kampuni haikuzungumza na mtu mwingine yeyote. Ukitaka kulalamika, unamlalamikia yeye, kisha yeye ndiye anaamua kama lalamiko lako linastahili simu.

Siku ile mama alipoganda nilimgongea mlango. Alinifungulia nusu, rimoti mkononi. Nyuma yake niliona televisheni kubwa, na ndani ya televisheni mafundi wanapandisha tofali. Ilikuwa nyumba yake anayoijenga Likoni. Alikuwa amefunga kamera kwenye mnazi, na kutwa nzima alikuwa akiwatazama mafundi wake kutoka Dubai na kuwapigia simu: wewe mwenye fulana nyekundu, mbona umekaa?

"Mkubwa, intaneti imekufa," nikamwambia. "Nilikuwa na mama."

"Haijafa. Kwangu yaenda mbio kama paa. Si waona?"

Mafundi walikuwa wanatembea vizuri, hata saruji ikidondoka unaiona.

"Basi tupigie kampuni waangalie."

"Niwapigie niwaambie nini, na mimi kwangu hakuna tatizo? Badilisha simu, ndugu yangu. Hiyo yako imechoka."

Nilibadilisha simu. Ndilo jambo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimtii. Nilinunua simu mpya, nayo ikaganda vilevile.

Mimi si mtu wa kukaa mahali. Nilimaliza kidato cha nne Tanga, nikaenda Mombasa kwenye karakana ya baiskeli, nikaenda Pemba, nikaenda Maskati, kisha Dubai, ambako natunza stoo ya vigae huko Al Quoz. Kila mji nikishauzoea naanza kuukumbuka ule wa nyuma, na yote nikiichanganya naikumbuka Tanga, barabara za Ngamiani asubuhi, kengele za baiskeli, watu wakisalimiana bila kushuka. Mtu wa namna hii angehama Karama siku ya pili ya matanga. Sikuhama. Nilibaki kwa ajili ya Mkubwa. Nilikuwa bado sina la kumfanyia, lakini nilitaka niwe karibu siku nitakapokuwa nalo.

Kisha binti yangu, wa pekee niliye naye, akaposwa. Nikaha ilipangwa Ijumaa baada ya Alasiri, Tanga, nyumbani kwa ndugu yangu. Mimi nisingeweza kwenda. Viza yangu ilikuwa katikati ya kubadilishwa na nikitoka nisingerudi. Nikasema nitampa ndugu yangu uwakala aozeshe badala yangu. Sheikh akakubali, ila akaweka sharti, na alinipigia mwenyewe kulisema.

"Mimi nataka nikuone uso na nikusikie unampa ndugu yako uwakala, neno moja baada ya jingine. Nikiona unakatikakatika, sifungi nikaha. Tutaahirisha."

"Bwana harusi anapanda meli Jumapili, sheikh. Hatarudi mpaka mwakani."

"Basi tafuta mtandao, baba."

Wapo watakaouliza kwa nini sikutumia bando la simu. Chumba changu kilikuwa katikati ya nyumba, hakina dirisha, na simu humo ilishika kijiti kimoja, siku nyingine hata hicho hakuna. Kushuka barabarani ningeweza. Lakini sikutaka binti yangu aolewe huku baba yake amesimama mbele ya pipa la taka na magari yanapiga honi. Nilitaka nikae kwenye mkeka, na kanzu, kama baba.

Kwa hiyo nikaanza kuitafuta ile intaneti. Msaidizi wangu alikuwa mpangaji mwenzangu, mtu wa Kisumu, mlinzi kwenye jumba moja la maduka. Alikuwa na kiu yake, maana alikuwa anajaribu kusali na kanisa la kwao kila Jumapili kupitia simu, na kila Jumapili mchungaji wao aliganda kwenye "ndugu zangu wapendwa".

"Buda," akaniambia, "hii net ni ya konokono. Lakini kwanza tuzime, tuwashe. Kila kitu duniani huanza hapo."

Tukazime nini? Hakuna aliyewahi kuiona ruta. Wote tuliamini iko chumbani kwa Mkubwa, juu ya televisheni, na chumba chake hakiingiliwi. Basi tukaenda jikoni, kwenye boksi la swichi za umeme pembeni mwa friji, tukawa tunashusha moja moja. Ya kwanza ilizima friji. Ya pili ikazima feni ya mtu, akatukana. Tuliposhusha ile ya taa ya koridoni, waifai ikapotea kwenye simu zetu, na papo hapo tukasikia sauti kutoka chumba cha mbele.

"Nani amegusa umeme? Nyumba yangu imeondoka!"

Mlinzi akaziba mdomo kwa mkono asicheke. Tukapandisha swichi. Intaneti ikarudi, taratibu kama kawaida yake. Kuzima na kuwasha hakukusaidia, lakini tulikuwa tumejua mambo mawili. La kwanza, ruta inakula umeme wa koridoni, si wa chumbani kwake, maana televisheni yake haikuzima, ilipoteza picha tu. La pili nililiweka moyoni.

Siku iliyofuata tuliwaomba wapangaji wote wafunge waifai kwenye simu zao, nikabaki mimi peke yangu. Nilidhani huenda tumekuwa wengi mno. Nikampigia dada yangu. Akaganda kwenye salamu. Kwa hiyo haikuwa wingi wetu. Na haikuwa laini inayotoka nje, kwa sababu kama laini ingekuwa mbovu, mafundi wa Likoni nao wangeganda na tofali mkononi. Wao walikuwa wanapandisha ukuta. Nilikaa na jambo hilo stoo kutwa nzima, nikihesabu vigae na kukosea. Intaneti inaingia nyumbani ikiwa nzima. Inafia humu ndani, kati ya ruta na sisi. Kampuni haikuwa na kosa, na hata Mkubwa angewapigia wangekuja bure.

Jioni nikaanza kutembea nyumbani na simu mbele kama mtu anayetafuta choo gizani. Jikoni vijiti viwili. Chumbani kwangu kimoja. Mlangoni kwa Mkubwa, ambako nilitegemea vijae, viwili tu. Nikarudi nyuma, vikawa vitatu. Nikageuka, nikajikuta uso kwa uso na kabati la koridoni.

Lilikuwa kabati la chuma la rangi ya kijivu, la ofisini, refu kunizidi. Kila mtu alilijua. Mkubwa aliweka humo chupa zake za udi, na ufunguo aliuvaa pamoja na funguo za gari. Mimi nilikuwa nikilining'inizia taulo. Nikasogeza simu kwenye tundu la ufunguo. Vijiti vikajaa vyote. Nikaisogeza pembeni kiganja kimoja, vikashuka. Nikaweka mkono kwenye bati, lilikuwa na joto. Nikachungulia nyuma, nikaona waya wa umeme unaingia kwenye tundu lililotobolewa, na waya mwingine mweupe unatoka, unapita chini ya zulia mpaka chini ya mlango wa Mkubwa.

Nilisimama pale nikakumbuka redio. Mama alikuwa na redio ndogo, na sisi watoto tulikuwa tunaigombania. Siku moja alichoka, akaitupa ikiwa bado inaimba ndani ya sanduku lake la bati, akafunga kwa kufuli. Sauti ikaanza kukwaruza, ikafifia, ikabaki shiii. Tulilia tukidhani ameiua. Mama akafungua kifuniko, muziki ukarudi. Akafunga, ukafa. Akafungua tena, sasa anacheka yeye mwenyewe, akasema kumbe nayo inataka hewa.

Mtu huyu alikuwa ameitia ruta ndani ya sanduku la bati na kufunga. Kwake inaenda mbio kwa sababu amejivutia waya. Sisi tulikuwa tunapumua kwa tundu la ufunguo. Mama yangu alikuwa amepitia tundu hilo na hakuenea.

Alhamisi nilimfuata kwa adabu zote, kwa sababu nilitaka siku ya hukumu nisiwe na doa. Nilimkuta amekaa anawatazama mafundi.

"Mkubwa, nimeona ruta iko kabatini. Naomba uitoe nje, hata kesho tu. Binti yangu anaolewa."

"Mabruk. Lakini kabati lile lina mali ya watu."

"Sitaki mali. Nataka ruta ikae juu ya kabati."

"Mpangaji mmoja zamani aliibonyeza akabadilisha nywila, nikakaa siku mbili sioni nyumba yangu. Mali hufungwa, ndugu yangu. Na kwangu haina tatizo."

"Kwako umevuta waya."

Hapo akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Wewe wataka nini hasa? Harusi ya mtoto watu huhudhuria kwa ndege, si kwa simu." Kisha akageukia televisheni, akachukua simu yake. "Aa, yule mwenye kofia kalala tena."

Nilitoka nikiwa nimetulia kabisa. Mtu akikutukana vizuri namna ile anakupunguzia kazi. Nilimweleza mlinzi, akasema tuvunje kabati. Nikakataa. Kulivunja kungenifanya mwizi wa udi. Nilitaka alifungue kwa mkono wake, mbele ya watu anaowaonea fahari.

Watu hao nilijua watakuja. Kila Ijumaa baada ya sala Mkubwa alialika wafanyabiashara wenzake wa pwani, watu wazima wenye kanzu kama zake, akawalisha biriani kisha akawaonyesha ujenzi. Alikuwa anaigeuza kamera huku na huku kwa simu, akisema hapa baraza, hapa chumba cha wageni. Ijumaa ile walikuja wawili. Nilioga, nikavaa kanzu yangu, nikatandika mkeka chumbani na kuegemeza simu kwenye begi. Kisha nikaenda jikoni. Mlinzi alikuwa ameegemea friji, mikono kifuani, kama yuko kazini.

Nilisikia sauti ya Mkubwa ikisema, "Sasa natazama huku, mtaona ngazi." Nikashusha swichi ya koridoni.

Kisha: "Imekwenda wapi?"

Alitoka mbio ndogo, ile ya mtu mnene asiyetaka ijulikane kuwa ni mbio. Alinikuta nimesimama mbele ya boksi la swichi.

"Washa."

"Fungua kabati."

"Nimekwambia uwashe. Nina wageni."

"Na mimi nina wageni. Wako Tanga, wananisubiri. Fungua kabati, nitawasha."

"Wanitisha ndani ya nyumba yangu?"

"Nyumba yako iko Likoni, Mkubwa," mlinzi akasema, "na saa hii hatujui iko aje. Pengine mwenye kofia amelala."

Wageni walikuwa wameshafika mlangoni. Mmoja, mzee mwenye ndevu nyeupe, akauliza kuna nini. Nikamsalimia shikamoo, nikamweleza polepole, kwa maneno mepesi, na wapangaji wengine wakawa wanatoka vyumbani mmoja mmoja kusikiliza. Nilisema kuhusu ruta na kuhusu waya. Kuhusu mama nilisema sentensi moja tu.

Mzee akamgeukia mwenyeji wake. "Bwana we, waifai waifungia kabatini? Yataka kuiba nini?"

Watu wakacheka. Nimesikia vicheko vingi, lakini kile bado nakitumia. Siku nikiwa na uchovu basini narudi kutoka Al Quoz, nakitoa nakisikiliza.

Mkubwa alifungua. Ndani kulikuwa na chupa za udi zimepangwa kwa ukubwa, na rafu ya chini ilikuwa na ruta, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kile ambacho mama zetu walifunikia redio na televisheni zisipate vumbi. Nilikiondoa. Ruta ilikuwa ya moto kama kikaango. Nikaiinua na nyaya zake, nikaiweka juu ya kabati, mahali ambapo ingeweza kukaa tangu siku ya kwanza.

"Haya," akasema, macho chini. "Washa."

"Ngoja ipoe, Mkubwa. Joto linaiua."

Ni kweli ilihitaji kupoa, ila si muda niliompa. Nilikoroga chai. Nikaimimina, nikaipuliza, nikainywa yote nikiwa nimesimama, na yeye amesimama mbele yangu na wageni wake nyuma yake. Mlinzi aliniuliza kama nitaongeza sukari. Nikasema kidogo. Nilipomaliza nikasuuza kikombe, nikakipangusa, ndipo nikapandisha swichi.

Chumbani kwangu vijiti vilikuwa vimejaa. Nilipiga, na Tanga ikaingia yote kwa pamoja: ukumbi wa ndugu yangu, buibui za wanawake mlangoni, mtu anapitisha halua. Sheikh akainama karibu na kamera.

"Nakuona, baba. Nakusikia. Sema."

Nikasema, neno moja baada ya jingine. Ndugu yangu akakubali uwakala. Bwana harusi akajibu kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi. Kisha dada yangu akaibeba simu mpaka chumba cha ndani, na binti yangu akanitazama. Niliona hata hina ilivyopita kucha. Akaanza kusema neno, na mimi nikashika pumzi, mkono tayari, kama mtu anayetaka kudaka kitu kinachoanguka.

"Baba, umekonda," akasema. "Unakula kweli huko?"

Akalimaliza lote. Nikamjibu nakula.

Nilipotoka, Mkubwa alikuwa koridoni. Wageni wameshaondoka. Alikuwa na chupa ndogo ya udi mkononi, ile ya bei yake, akaninyooshea.

"Mabruk, ndugu yangu. Mpelekee bibi harusi. Yaliyopita yamepita."

Sikuipokea. Nilifungua simu, nikatafuta picha ya mama, nikamwekea mbele ya macho. Aliitazama. Nikamwambia huyu ni mama yangu, na hapo ndipo kabati lako lilipomkatia. Alisema hakujua. Nikamwambia najua hakujua, na kwamba nilimgongea mlango siku ile ili ajue. Watu huniambia ningesamehe pale, palikuwa mahali pazuri pa kusamehe, siku ya harusi. Huenda. Sikuona sababu ya kumrahisishia.

Alipoingia chumbani kutuliza mafundi, niliona ufunguo bado unaning'inia kwenye kabati. Alikuwa ameuchomoa kwenye funguo za gari kwa haraka yake ile akausahau. Nikautia mfukoni mwa kanzu.

Jioni alikuja kugonga kwangu. Alitaka arudishe chupa zake na kufunga, na asipofunga usingizi hauji. Je, nimeuona ufunguo wa kabati?

Nilifungua mlango nusu.

"Kwangu, Mkubwa, kabati halina tatizo," nikamwambia. "Badilisha kufuli."

Nimeshahama Karama sasa, kama kawaida yangu. Mlinzi aliniambia ruta bado iko juu ya kabati na mchungaji wao siku hizi anafika mpaka amina. Ufunguo ninao, uko kwenye begi pamoja na pasipoti. Nikiulizwa uwanjani ni wa nini, nasema wa nyumbani.